Aliyezikwa Anapiga Tarumbeta

Alhamisi, 6 Julai 2000

Patrice amefika leo hapa Baraka na mtumbwi wake wa injini kutoka Kigoma. Chumvi kidogo, sabuni kidogo, habari tele — na moja ni yangu! Chérie, binti yetu aliyekimbilia kambini Tanzania, amemtuma kwa mdomo: amesikia kwa wakimbizi wenzake kwamba kaka yake Eugène yuko hai. Yuko Ulaya. Anapiga tarumbeta katika kikundi cha jazz, na mwezi huu watapiga kwenye festivali kubwa inayorushwa na redio ya Kifaransa. Kila alasiri wanarudia yaliyopigwa jana yake. Siku ya Eugène, Chérie haijui.

Eugène, kijana wangu. Tulimzika miaka miwili iliyopita!

Nimemrudishia Patrice swali lile lile mpaka akakasirika. Eti yeye si kasuku.

Mke wangu alikuwa akitwanga muhogo. Nilimwambia, na mchi haukusimama. Baadaye ndipo akasema, bila kunitazama:

"Muntu mwenye tulizika, unamwita namna gani?"

Ijumaa, 7 Julai

Niandike mambo yalivyo, maana kichwa kimevurugika. Vita vilipoanza tena, mwaka wa tisini na nane, Eugène alipanda lori kwenda Uvira. Lori likachomwa njiani. Hatukuletewa hata maiti moja. Kwetu mtu akipotea hivyo haachwi ovyo. Tulikata shina la mgomba, tukalivika shati lake, tukalizika shambani kwetu kule mlimani. Fanfare, bendi ya kanisa, ikapiga, mimi mbele nikiiongoza na machozi kidevuni. Hiyo ni kabla askari hawajabeba vyombo vyetu vyote vya muziki.

Sasa mama yake anataka lile shina litolewe kwanza. Mtu akishangiliwa huku kaburi lake limefungwa, kaburi linamvuta. Ndivyo alivyofundishwa na bibi yake. Nimemwuliza mchungaji, anasema ni ushirikina. Ushirikina! Siku ile shoka la kukatia mgomba lilikuwa lake.

Mimi ningelitoa leo leo, amani ipatikane. Lakini tangu Pasaka askari wamepiga kambi shambani humo humo. Ukionekana kwenye njia ile wewe ni mwasi, mtu wa msituni, na risasi haina masikio.

Jumapili, 9 Julai

Mawe ya redio, betri zake, nimeyaanika juu ya bati tangu asubuhi. Yamepata joto, yamekubali. Jafari, jirani yetu mvuvi, amekuja na kigoda chake.

Jazz! Maisha yangu yote nimefundisha vijana kupiga noti kama ilivyoandikwa. Hawa kila mmoja anashika njia yake kama watu wanaotafuta mbuzi, halafu wote wanamkuta mahali pamoja. Mwanzoni niliudhika. Kisha akaja mwanamke mmoja wa piano — mkono wa kushoto unasimulia, wa kulia unabisha! Jafari alifumba macho.

Mtangazaji anasema watu wamejilaza kwenye majani kando ya ziwa, kwa kuwa kule ni kiangazi. Kwetu pia ni kiangazi: milima inaungua, vumbi hadi kwenye ugali. Na ziwa tunalo.

"Mu ziwa yabo ndagala iko?" Jafari aliniuliza, akiwaza dagaa wake. Nikamwambia ngoja nimpigie mtangazaji simu. Tulicheka.

Eugène hakutajwa. Mke wangu alikaa upande wa pili wa nyumba, ametupa mgongo.

Jumanne, 11 Julai

Leo kundi kubwa, vyombo vya shaba tupu. Kila tarumbeta ikipanda moyo wangu unaruka: ni yeye? Kisha linatajwa jina la Mmarekani. Makofi.

Nikiri kwamba nilifurahi. Mguu ulicheza wenyewe mavumbini. Nilikuwa nimesahau kwamba mwili wangu unajua hayo. Halafu bunduki zikalia kule juu, na Sumaya, mke wa Jafari, akatusihi tupunguze sauti. Nikapunguza. Redioni watu walikuwa wakipiga kelele wimbo urudiwe.

Jioni mke wangu aliniuliza: "Basoda ba kule juu, muchana balalaka?"

Nikamjibu kwamba hao askari sijawahi kuwatandikia kitanda. Hakucheka. Zamani angecheka. Hata jina la Mama Eugène haliitikii tangu tuzike, wote tunamwita Mama Chérie.

Alhamisi, 13 Julai

Mawe yamekufa. Nimeyaanika, nimeyagongagonga, nimeyafukia kwenye majivu ya moto. Wapi! Kipindi kimepita bila mimi. Na kama ndiyo siku yake?

Ijumaa, 14 Julai

Nimefanya ujinga. Nilifikiri nikisema ukweli wote mtu mzima atanielewa. Basi nikaenda kwa kamanda, kofia mkononi, nikaomba ruhusa ya kufukua shina la mgomba shambani kwangu. Nikamweleza kila kitu, mpaka shati.

Alinisikiliza vizuri. Kisha akauliza: "Kaburi bila maiti. Mule ndani mulificha nini, muzee?"

Bunduki! Ndicho anachofikiri. Wamenikalisha juani mpaka jioni, kila anayepita ananiuliza bunduki ziko ngapi. Jafari ndiye aliyekuja kunitetea, na samaki wake wote wa leo wamebaki kule. Kamanda amesema atakayegusa mahali pale atalala papo hapo.

Mke wangu amenikanda mgongo kwa maji ya moto. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumamosi, 15 Julai

Patrice amerudi. Chérie ametuma mawe mapya, ameyafunga ndani ya soksi. Mungu ambariki yule mtoto.

Redio imelia mpaka ukutani! Mzee mmoja wa saksofoni, pumzi fupi kama yangu, lakini anajua pa kuiweka. Nilikuwa nimesahau kabisa ninachongojea. Mwishoni mtangazaji akasema: kesho ni kijana wa tarumbeta kutoka mashariki ya Kongo.

Nilikimbia nyuma ya nyumba. Nimekimbia, na magoti haya! "Ni kesho," nikamwambia.

"Kesho? Na angali mu udongo?"

Nikamwomba aje akae nami, Mungu si wa kaburi la mgomba. Akasema Mungu anamjua, lakini udongo nao anaujua. Akaingia ndani. Kama siwezi kumpeleka shambani kwake mwenyewe, mimi ni mume wa nini?

Jumapili, 16 Julai

Mchana alitoka na jembe. Eti anakwenda kwenye muhogo, njia ya Mboko, si ya mlimani. Nikasema haya. Siku ya Jumapili! Yeye ambaye Jumapili hata sindano haigusi! Akili yangu ilikuwa redioni.

Ni yeye. Ni yeye! Mtangazaji alisema: kutoka Baraka, kando ya ziwa Tanganyika. Baraka yetu imetajwa redioni bila maiti! Jafari alinishika mkono. Halafu sauti yenyewe, Kifaransa kimekomaa lakini bado anameza mwisho wa maneno, nilimgombeza sana kwa hilo. Akasema wimbo huu ni wa baba yake na mama yake. Waliuawa Baraka. Aliletewa habari akiwa mbali, akawalilia chumbani kwake na rafiki wawili, maana hakuwa na ukoo wa kulia naye.

Nilipiga kelele. Niliishika redio kwa mikono yote miwili: "Eugène, tuko! Tuko bazima!" Kana kwamba ni dirisha. Jafari ananivuta, namsukuma. Na mtoto akaanza kupiga. Taratibu, chini, bila kujionyesha. Sijawahi kumfundisha vile. Sijui kama mimi ningeweza. Nilikaa chini nikalia, na ndani ya kilio nilifurahi, sitadanganya.

Hapo Sumaya akaingia mbio. Amekutana na Mama Chérie kwenye njia ya mlimani, jembe begani. Alimshika kanga amrudishe, akajibiwa: "Leo banamwita mbele ya bantu bengi. Siwezi acha mulango yake yenye kufungwa."

Nikaizima redio. Alikuwa bado anapiga.

Nimefika kwenye bariyeri, kizuizi cha njia ya mlimani. Askari amenirudisha kwa kitako cha bunduki kifuani, nikamweleza, akanirudisha tena. Jafari amekwenda kwa kamanda. Sumaya yuko na mimi mlangoni kwetu. Naandika nikiwangoja.

Mlio mmoja tu umesikika, mbali. Sumaya anasema bawindaji. Hakuna wawindaji tena kule.

Ananiambia niwashe redio, labda mutoto hajamaliza. Nimekataa. Nasikiliza mlima.