Nilisafisha Rekodi za Mume Wangu, Sasa Ameajiriwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila niruhusu kwanza nikwambie kwamba hii ni wiki ya sita tangu niolewe na bado nikimsikia mume wangu akifungua mlango moyo unaniruka, najikuta natabasamu peke yangu jikoni na kijiko mkononi, kwa hiyo usije ukadhani naandika kwa sababu ya ugomvi, hatujagombana hata siku moja.

Tulikutana kwenye mafunzo ya kurekodi sauti yanayoendeshwa na studio moja ya redio, ambako wanaofundisha si walimu wa darasani bali ni mafundi wanaoacha kazi zao kila siku waje kutuonyesha redio inataka nini, na utaratibu wao ni kwamba unapangwa na mwenzako, yeye anakuangalia ukifanya kazi na kuweka sahihi kwenye kitabu chako kwamba jambo fulani umelifanya mara tatu bila kusaidiwa, kisha fundi mkuu anasikiliza rekodi na kugonga muhuri. Mimi nikapangwa naye. Mshauri, ningepangwa na malaika nisingefurahi vile.

Sasa mpenzi wangu ana kasoro moja tu duniani, havai hedifoni anaporekodi, anazining'iniza shingoni, anasema anaamini masikio yake, na mara ya kwanza alipomhoji mama mpishi wa mgahawa wa studio friji ilinguruma mwanzo hadi mwisho na yeye hakujua, basi alipokwenda kuniletea chai mimi nikaisafisha ile rekodi kwenye kompyuta haraka haraka, na fundi mkuu aliposikiliza akasema, "Kijana, hii sauti imetulia! Wewe una sikio," na mume wangu akanigeukia na tabasamu ambalo hata leo siwezi kulieleza, ningemwambiaje? Tangu siku hiyo wenzetu wakamwita Sikio, na mimi nikawa nasafisha kila rekodi yake kabla haijafika kwa fundi, upepo, waya unaosugua shati, kila kitu, na kitabuni nikaweka sahihi kwamba amefanya peke yake. Rekodi zenyewe kabla ya kusafishwa ninazo zote, sikuzifuta kwa sababu kwa mbali anasikika akininong'oneza kwamba nimependeza.

Studio imetuajiri wote wawili, mimi chumba cha uhariri na yeye kurekodi nje, na kazi yake ya kwanza ni mchezo wa redio utakaorushwa moja kwa moja kutoka ukumbini baada ya wiki tatu, yeye peke yake kwenye meza ya sauti, na siku hiyo mimi sina cha kusafisha maana kinachoingia kwenye maiki ndicho kinachomfikia msikilizaji. Siku alipopewa habari alinibeba akanizungusha sebuleni mpaka tukaangusha kiti. Nikamdokeza, "Mpenzi, siku hiyo uvae hedifoni," akacheka, "Sikio mzima avae hedifoni za nini?" Nikamwendea wifi yangu, dada yake mkubwa, naye akanijibu, "Wifi, mume si daftari la kusahihisha. Nyamaza, atazoea huko huko kazini." Kunyamaza nimejaribu, nimeshindwa. Nikisema nitamvunja moyo, nisiposema ataaibika hewani. Nifanye nini?

Bibi Harusi wa Wiki Sita

JIBU

Mwanangu, hongera. Barua yako nimeirukisha foleni kwa sababu wiki tatu si nyingi, kwa hiyo tuliache tabasamu kwanza.

Unasema mumeo ana kasoro moja. Zilikuwa mbili, na ya pili ni wewe. Mwanafunzi asiyevaa hedifoni ni jambo la kawaida na dawa yake inajulikana: fundi anasikia friji, anamkaripia mbele ya wenzake, kesho anazivaa. Wewe ulimnyima karipio hilo. Wale mafundi waliacha kazi zao waje kusikia makosa yake, wewe ukawa unayafuta kabla hawajafika. Kwa mapenzi, sawa, nakuamini. Lakini unampeleka ukumbini na masikio ambayo hayajawahi kujaribiwa.

Wifi yako anampenda mdogo wake, ila huko hewani mtu haendi kuzoea.

Leo hii mkalishe. Usianze kwa kulia. Mvalishe hedifoni kwa mikono yako, mpigie rekodi ya mama mpishi kama alivyoirekodi, kisha uliyoisafisha. Nyamaza anaposikiliza, hapo ndipo mahali pa kunyamaza. Akiuliza nani amefanya hivi, sema, "Mimi," na umwambie ni mara ngapi. Atasema umemfanya mjinga, na atakuwa na haki. Usijitetee, wala usikimbilie kwa wifi.

Kesho asubuhi nenda kwa fundi mkuu na kile kitabu. Nenda wewe, usimtume yeye. Sahihi ya uongo ni yako. Mumeo hajamdanganya mtu. Huenda ukasimamishwa kazi, jiandae. Ukishamaliza kukiri, mpe rekodi zote halisi azisikilize, kisha aamue yeye kama mumeo atakaa mezani, atakaa pembeni ya fundi mzoefu, au atasubiri zamu nyingine. Watu waliomfundisha wenyewe hawatashangaa kwamba bado anajifunza. Watashangaa wakigundua mchezo ukiwa katikati.

Siku zilizobaki arekodi kila siku: jirani akifua, mvua ikinyesha, wewe ukikaanga vitunguu. Asipovaa hedifoni, kompyuta usiiguse. Akikuuliza imetokaje, mwambie ilivyotoka. Atanuna siku mbili tatu. Mwache anune, ndoa ya wiki sita inabeba hilo.

Na siku ya mchezo, awe amekaa mezani au pembeni, usiende ukumbini kumkazia macho ya huruma. Kaa nyumbani, washa redio, usikilize kama sisi wengine.