Nilivyomtafsiria Babu

Shangazi Philippa mpendwa,

Hili sijamwambia mtu yeyote. Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza Babu kwa daktari, maana hata baada ya miaka kumi na minne hapa Almería Kihispania chake kinaishia kuagiza kahawa. Daktari Encarna alisema macho yake hayafai tena kuendesha gari. Babu akaniuliza, "Anasemaje, profesa wangu?" Nikajibu, "Anasema upumzike zaidi."

Vitabu vyako vimefika, asante, lakini sijavifungua.

Tangu Bibi afariki, Babu hana kingine ila chama cha Waingereza wenzake. Kila Jumamosi huwabeba wazee watano kwa gari lake kubwa kwenda kutembea mlimani. Jumamosi iliyopita Bi Maureen alimtania, "Ron, umelikwaruza kanisa! Ulitaka kuungama ukiwa ndani ya gari?" Wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Leo, Jumamosi tena, wazee walipokwisha kupanda garini, nilisimama mbele ya gari nikamwambia Babu maneno yote ya daktari, na kwamba nilidanganya. Alizima injini, akanipa funguo bila kunitazama, akaondoka kwa miguu. Niliwaomba wazee radhi, nikamfuata nyuma hadi nyumbani.

Mtoto wa kaka yako,
Tamsin