Waliotoka Divisheni Moja

Osiri, Jumapili

Dada yangu Nyakerario,

Nakusalimu huko Kosele, wewe na watoto. Omena uliyonitumia ilifika na tumeshaimaliza kwa ugali. Mvua ni nyingi, lakini hapa machimboni kazi haijasimama.

Unajua mume wangu Majok alikuwa askari wa miguu kwao Sudan Kusini kabla ya kuja kuchimba dhahabu. Siku zote aliniambia kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, divisheni yao ya jeshi ilirudi nyuma kwa utaratibu. Mwezi uliopita akaja Gatwech, askari mwenzake. Walikumbatiana wakalia. Tukiwa tunakula, Gatwech akasema, "Shemeji, divisheni haikurudi nyuma. Iligawanyika asubuhi moja, tukapigana sisi kwa sisi mle kambini. Upande wa Majok ulimuua ndugu yangu."

Nilimtazama mume wangu nikingoja akanushe. Akasema, "Ni kweli," akamwongezea mgeni ugali.

Dada, sielewi. Gatwech hakuondoka. Analala kwetu, anacheka na mtoto wangu, na kila asubuhi Majok akishuka shimoni, yeye ndiye anayeshika kamba ya kumshushia huku juu. Mimi hata vyombo vinanishinda kuosha mpaka Majok apande.

Jana nilimwuliza Majok kwa nini asimpe mtu mwingine hiyo kamba.

"Aliiomba mwenyewe," akasema. "Nikimnyima, atajua vita havijaisha."

Niombee. Au njoo utuone, uniambie kama naogopa bure.

Mdogo wako,
Nyatichi