Tarehe Tano, Mistari Mitatu

Jumatatu, 31 Januari 1977
Darasa la watu wazima, jioni kama kawaida. Wanafunzi kumi na mmoja, chaki vipande viwili. Kabla ya somo nimeandika ubaoni, kama kila siku, jambo lililowahi kutokea tarehe ya leo. Sikupata kubwa. Nimeandika kwamba mwaka jana siku kama hii jirani aliezeka bati. Wamecheka, lakini wamesoma.

Jumanne, 1 Februari
Katibu wa tawi amekuja. Jumamosi ni sherehe. Chama kipya kinazaliwa, na Azimio la Arusha linatimiza miaka kumi, tarehe ileile. Anataka ubao wangu mbele ya ofisi ya kijiji, mistari miwili, herufi kubwa. Nimekubali. Mwandiko wangu ni mzuri na najua.

Jumatano, 2 Februari
Bibi Eliza, mzee kuliko wote darasani, ameinua mkono. Anasema maji ya bomba yalianza kutoka hapa kijijini siku ileile ya Azimio. Wanawake walibeba mabomba vichwani kutoka barabarani na kuchimba mtaro wenyewe. Wanaume walikuwa wanasema maji hayawezi kuvuka bonde.
"Yalitoka Jumapili. Habari za Azimio tulizisikia kesho yake. Na sisi tuandike, Mwalimu."
Nitaandika.

Alhamisi, 3 Februari
Katibu amekataa. Anasema maji yaliletwa na Azimio, kwa hiyo lazima yalikuja baadaye. Kwenye taarifa zake ni 1968. Nimemwambia kwamba Bibi Eliza si mwongo. Akaniuliza mtu ambaye hakujua kusoma alitunzaje tarehe. Amesema nikiandika mstari wa tatu bila ushahidi, atatafuta mwalimu mwingine.
Nimekasirika mpaka masikio yamepata moto. Nimeogopa pia, kidogo. Kazi hii naipenda.

Ijumaa, 4 Februari
Nimekwenda Lukozi kwa Mchungaji, kwa miguu, saa mbili kwenda, saa mbili na nusu kurudi. Bibi Eliza alikumbuka kwamba Mchungaji alimbatiza mjukuu wake palepale bombani, kwa maji yale ya kwanza. Nimemwamkia Mchungaji, nimemweleza. Akafungua kitabu cha ubatizo, akateremsha kidole taratibu. Jina la mtoto lipo. 5 Februari 1967. Mahali: bombani.
Ameninakilia, akatia mhuri. Nimerudi naimba. Miguu inauma, sijali.

Jumamosi, 5 Februari
Niliandika alfajiri. Mistari mitatu. Katibu alipofika nikampa karatasi yenye mhuri. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Ubao hakuugusa.
Ngoma, kisha hotuba. Hotuba ndefu. Mwisho akawasomea watu ubao. Azimio. Chama kipya. Akavua miwani, akageuka aende kukaa.
Bibi Eliza alinyanyuka. Alipita katikati ya watu mpaka mbele, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu. Hajawahi kusoma mbele ya watu. Alisoma polepole, neno moja moja, bila kukosea.
"Tarehe tano Februari, elfu moja mia tisa sitini na saba. Wanawake wa kijiji hiki walileta maji."
Vigelegele, kutoka kila upande. Wanaume wakapiga makofi. Katibu naye akapiga, wa mwisho kabisa, lakini akapiga. Aliponipita aliniambia taratibu, "Jumatatu darasa liendelee, Mwalimu. Na ile taarifa yangu nitairekebisha."
Nilijua tutashinda. Sikujua kwamba nitalia.

Jumapili, 6 Februari
Ibada. Nimefua. Mchana Bibi Eliza amekuja, tumechambua maharage. Nilimwuliza tarehe yake ya kuzaliwa, ili siku ikifika niiweke ubaoni. Haijui. Nikamwambia achague yoyote anayoipenda, wengi hufanya hivyo. Amekataa. Anakwenda Mlalo kwa dada yake mkubwa, akaulize kwanza.