Jogoo wa Sadaka

Jumanne, 5 Februari

Upepo wa Basotu umenitoa machozi tangu alfajiri. Trekta limegoma, nimelibembeleza mpaka jua limetoka. Vumbi puani, vumbi kwenye makande ya mke wangu, Mama Paulina. Kulima ngano ni kula udongo.

Msimamizi kaagiza vichuguu vyote vya kipande cha kusini visawazishwe, mashine ya kupandia isije ikavunjika. Nimesawazisha. Kimoja kikubwa, kimeota nyasi, kilikuwa laini ajabu. Nikapita, nikarudi, kikaisha.

Mara bibi mmoja wa Kimang'ati, kavaa ngozi, anakuja mbio akipiga yowe. Akaanza kulicharaza tairi kwa fimbo. Tairi! Nikamfokea atoke, atakanyagwa. Akachota udongo kwa viganja, akakaa chini, akalia. Wenzangu walicheka. Na mimi nilicheka. Nimechoka sana leo.

Jumatano, 6 Februari

Nimemsimulia Mama Paulina habari ya bibi wa tairi, nikidhani tutacheka wote. Hakucheka. Yeye kakulia hapa Basotu kando ya ziwa, kacheza na watoto wao, lugha yao anaijua. Akauliza kama kile kichuguu kilikuwa na nyasi. Kilikuwa laini? Kikubwa? Akaweka mwiko chini.

"Baba Paulina, umelima kaburi."

Kumbe mzee wao mkubwa akifa hawamfukii tu wakaondoka. Wanaleta udongo na samadi, ndugu kwa ndugu, miezi mizima, mpaka kinakuwa kilima. Wajukuu wanakuja pale kusali. Kasema ni sawasawa na mtu kupitisha trekta juu ya kanisa letu.

Nimekasirika. Nimemwambia mimi ni dereva, si nabii. Hakuna msalaba, hakuna uzio, ningejuaje? Kasema ungeuliza. Eti kuuliza si ujinga. Nimeacha nusu ya ugali, na mimi siachi ugali.

Alhamisi, 7 Februari

Jumuiya yetu ya kanisa wamekutana kwetu. Mwenyekiti ni mimi, msomaji ni mimi. Katekista kachagua Mathayo, pale Bwana anapofundisha kwamba ukiwa umefika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka kuna ndugu uliyemkosea, iache hapo hapo, nenda kwanza ukapatane naye. Nimesoma kwa ile sauti yangu ya kujivunia. Katikati ikakwama. Mama Paulina alikuwa ananitazama. Afadhali angenifokea.

Baada ya sala nimemvuta katekista pembeni. Kasema yale ya makaburi ni mambo ya kipagani, nisijisumbue, na ndugu anayetajwa pale ni muumini mwenzangu. Nilifurahi! Nimerudi ndani nimefurahi kabisa. Furaha imeisha kabla chai haijapoa. Yule Msamaria na yule aliyepigwa njiani, walikuwa wa dini moja?

Jumapili, 10 Februari

Padri kaja, huja mara moja kwa mwezi. Zamu ya jumuiya yetu kupeleka matoleo. Nilimtenga jogoo mwekundu tangu Krismasi, dume la haja, na nilishajisifia kwa kila mtu. Nimefika naye mpaka mlango wa kanisa, kwapani. Nikaviona vile viganja vya bibi, vimejaa udongo. Miguu ikakataa.

Nikageuka. Kanisa zima linatazama: mwenyekiti wa jumuiya anaikimbia misa na kuku wake. Aibu tupu. Jogoo kawika njia nzima. Mama Paulina nyuma yangu, kama vile mimi ndiye yule aliyemkana Bwana: "Petro, unaitwa."

Mke huyu, Mungu anipe uvumilivu.

Jumanne, 12 Februari

Tumekwenda. Bibi anaitwa Udamasi, aliyelala pale alikuwa mume wake. Niliogopa, sifichi. Wanawe wana mikuki na nyuso zao hazikuwa za kunikaribisha. Mama Paulina mbele, mimi nyuma kama mtoto anayepelekwa kuanza shule.

Nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nikasema kosa langu, lote, pamoja na kucheka. Mama Paulina akafasiri, na palipofika pa kucheka sauti yake ikashuka. Nilikuwa nimejiandaa kumtoa hata ndama wetu. Bibi akaitazama mikono yangu. Kisha akajibu maneno machache tu.

"Alikuja na mashine. Arudi na mikono."

Basi. Ndama hakumtaka. Afadhali angemtaka ndama.

Ijumaa, 15 Februari

Kila jioni nikitoka kazini nabeba udongo na samadi kwa karai. Mgongo wangu umezoea kiti cha trekta, sasa unalia. Wanawe wananionyesha kwa mkuki pa kumwaga. Udamasi anakaa pembeni na fimbo yake. Namwamkia nikifika, namwamkia nikiondoka. Shikamoo yangu inaanguka chini, kila siku.

Katekista kapita na baiskeli, kaniona, kashika kichwa. Najua atasema nini. Na mimi nimejiuliza. Lakini pale sisali. Narudishia nilichobomoa. Zakayo naye alirudisha, na Bwana hakumuuliza wale aliowadhulumu wanasali wapi.

Jumatano, 20 Februari. Jumatano ya Majivu

Imekuwa. Msimamizi kaona kilima kimerudi. Kasema, "Hiki kichuguu kimefufuka?" Nikamweleza ni kaburi. Kasema shamba ni la taifa, kisawazishwe kabla ya kupanda. Nikasema nitazunguka. Akasema basi, huendeshi. Kuanzia kesho naosha vipuri karakana, mimi niliyelijua trekta lile kuliko ninavyomjua shemeji yangu.

Kapewa Filipo, mwenzetu wa jumuiya. Filipo! Mtu anayemwogopa msimamizi mpaka anamwamkia mara mbili. Atapita juu yake, hata breki hatagusa. Udongo wote ule, mgongo wote ule, bure.

Nina hasira na msimamizi, na Filipo, na Mathayo mwenyewe, yule mtoza ushuru aliyeyaandika. Jioni nimepakwa majivu juu ya grisi. Nimeomba, lakini kwa meno yaliyokazwa.

Jumapili, 7 Aprili. Pasaka

Mvua nzuri, namshukuru Mungu. Wameshapanda. Upande wa kusini sijakanyaga, sitaki kuona. Filipo kanikuta kanisani akataka kusema kitu, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Padri kanisikiliza yote. Kasema umekwenda, umeungama kosa, umejenga kwa mikono yako, sasa leta sadaka yako uwe na amani. Nikamwambia Baba, imeandikwa kupatana, haikuandikwa kujaribu kupatana. Yule bibi hajaniitikia hata salamu. Kacheka, kasema ninyi watu wa Mbulu ni wakaidi tangu kuumbwa.

Mama Paulina alishanoa kisu. Nikamwambia jogoo huyu ana mwenyewe, simchinji. Tumekula maharage siku ya Pasaka. Paulina kanuna, hata wimbo hakuimba. Jogoo kanenepa mpaka anatembea kama diwani, na anawika giza bado nene. Mtaa mzima unanilaumu.

Jumamosi, 11 Mei

Mama Paulina kaniambia, "Utaogopa shamba mpaka lini?" Nimejikaza, nimekwenda.

Ngano magotini. Kijani mpaka jicho linachoka. Na katikati kile kilima kimesimama! Mistari ya ngano inafika pale, inapinda, inazunguka taratibu, inaendelea na safari yake. Nyasi zimeanza kuota juu. Mtu aliyepinda mistari ile alikuwa makini, hakukwaruza hata pembeni. Nimelia pale peke yangu kama ninayemenya vitunguu.

Nimemfuata Filipo nyumbani kwake. Nani alikwambia uzunguke? Kashangaa. "Si ulitusomea wewe mwenyewe kwenye jumuiya? Tulisikia wote." Msimamizi je? Alifoka, kasema Filipo, akatishia kumfukuza, lakini Filipo akazunguka hivyo hivyo. Msimamizi akaondoka zake. Hili ndilo alilotaka kuniambia Pasaka, nikamfungia viatu.

Nimemhukumu mtu bure miezi yote hii. Nimemwomba radhi mbele ya mkewe. Wamenilazimisha kula.

Alhamisi, 25 Julai

Mavuno. Madereva hawatoshi. Msimamizi kaja karakana mwenyewe, kasema nichukue kombaini. Samahani hakusema, nami sikumdai. Mikono ilikuwa inawasha kwa hamu.

Saa za mchana nimefika kwenye kilima. Nimepunguza mwendo, nimezunguka. Udamasi alikuwa pale na wajukuu, wanaangalia. Nikazima injini, nikashuka, makapi mpaka kwenye kope. Nikasema shikamoo kwa mazoea tu, sikungoja kitu, nilishaanza kugeuka.

"Marahaba."

Kwa Kiswahili! Wajukuu wakaangua kicheko, kumbe wamemfundisha wao. Na yeye akacheka, meno machache lakini yote nimeyaona. Akanipa kibuyu cha maziwa. Nimeyanywa yote nimesimama, pamoja na makapi yangu. Mama Paulina anasema Wabarabaig, ndio hao tunaowaita Wamang'ati, hawampi adui maziwa. Nimemwomba anirudie hilo, akanirudia.

Nina furaha. Sina namna nyingine ya kuiandika.

Jumapili, 28 Julai

Nimempeleka jogoo. Kwapani, mlangoni, katikati ya kanisa, mpaka mbele. Miguu haikukataa. Kawika mbele ya madhabahu, kwaya ikashindwa kuendelea, padri kajifuta macho kwa kucheka. Nimepokea Komunyo.

Nje katekista kanishika mkono. Nilidhani ananionya. Kaniuliza njia ya kwenda kwa Udamasi ni ipi, na kama mbwa wao ni wakali. Nimemwambia ni wakali, amwombe Mama Paulina atangulie.

Jumatatu, 29 Julai

Kumekucha kimya, hakuna aliyewika. Nimechelewa kazini.