Meza ya Ilie

Dada Felista,

Shikamoo. Mama anaendeleaje na kile kifua? Na mvua za huko Bigwa, zimewaachia mboga zozote shambani? Nimepata habari kwamba kiwanda kimeuzwa na shemeji amepunguzwa kazini. Nimeumia sana.

Uliniuliza nasoma nini hasa huku. Tunatengeneza molekuli za pete za kaboni zilizoungana. Kwa kawaida hulala bapa kama sahani. Sisi tunazibandika vipande vikubwa hadi zikose nafasi, na kwa kubanana huko zinajipinda kama skrubu, nyingine kulia, nyingine kushoto, kama viganja vyako viwili. Ukizipasha moto, za kulia zinajigeuza kuwa za kushoto. Tunapima zinajigeuza upesi kiasi gani.

Ilie, Mromania tuliyekuwa tukifanya naye kazi meza moja, ndiye aliyefaulu kuzitenga za kulia na za kushoto. Siku hiyo alinikumbatia kwa furaha. Lakini alikuwa akiziyeyusha kwa benzini, dawa yenye mvuke wa sumu, na feni ya kuvuta mvuke ilikuwa imekufa. Profesa alituambia tufungue dirisha. Nje theluji, dada. Tukalifunga.

Ilie akaanza kuvilia damu mwilini bila kujigonga popote. Fizi zikawa zinatoka damu. "Uchovu tu," akaniambia. Asubuhi moja akaanguka karibu na mizani. Hospitali wakasema uboho wake umeacha kutengeneza damu.

Profesa akaniita. "Leokadia, shika meza ya Ilie. Tukichelewa, za kulia alizozitenga zitajigeuza taratibu hata bila moto, na kazi yote itapotea."

"Na feni, Profesa?"

"Imeagizwa."

"Basi nitasubiri ifike."

Akavua miwani. "Wapo wengi wanaoitaka nafasi yako."

Nilijua nikirudi huko bila shahada, kazi zenyewe ndizo hizo zinazopunguzwa. Hata hivyo nilichukua koti nikaenda kupimwa. Damu yangu nayo imeanza kupungua. Daktari amenikataza kukanyaga maabara, na wafadhili wanaonilipia masomo nimewaandikia, bado hawajanijibu.

Ilie alifariki Ijumaa. Jana nilipita pale mlangoni nikamkuta binti mgeni kwenye meza yake, madirisha yamefungwa, feni kimya. Nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Nikikataa, kesho watamleta mwingine." Akaendelea kumimina.

Nisalimie mjomba kule Mlali, bibi, na shemeji. Mwambie asikate tamaa. Wabusu wanao. Mama usimsomee barua hii yote. Akishangaa mwandiko wangu umelegea, mwambie vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Mdogo wako akupendaye,
Leokadia