Jibu Nililokuwekea, Lachlan

Umetimia mwaka leo, tarehe 28 Januari, tangu ulipoketi kando ya zizi la kunyolea kondoo, ukasema umechoka kidogo tu, na hukuinuka tena.

Nyumba ni ileile. Upepo wa huku Santa Cruz, kusini mwa Argentina, bado unagonga mabati usiku na mchana. Chai yetu ya majani ya mate nainywa peke yangu, lakini mkono haujazoea, bado unachemsha maji ya watu wawili. Mbwa wako Brodi hana bwana. Ulimfundisha Kigaeli tu, lugha ya bibi yako, kwa hiyo tukimwita kwa Kihispania anatutazama kama wapita njia. Nibaldo, kiongozi wa wanyoaji, amejaribu hadi amechoka. "Mbwa huyu ana kiburi cha mzee mwenyewe," anasema.

Ulikuwa mwema bila kelele. Mnyoaji akijikata, ulimfunga jeraha kwa mikono yako, ukamketisha kivulini, ukamalizia kondoo wake.

Na kila tarehe 25 Januari, hata kama nusu ya kondoo bado wana sufu, ulifunga banda saa sita mchana kwa ajili ya karamu ya mashairi. Kwa wazee wako Skotlandi ilikuwa karamu ya majira ya baridi. Huku kwetu ni kiangazi cha upepo, na wewe ulivaa kilti, sketi ya wanaume wa kwenu, vivyo hivyo. Chini yake ulivaa suruali ya kazini, ukawaambia wageni kwamba ndiyo desturi ya kale. Ulisimama na kisu mbele ya hagisi, tumbo la kondoo nililolijaza mwenyewe, ukaghani shairi la Kigaeli la bibi yako Seonaid, beti kumi na mbili, alilotunga juu ya kisiwa alichokiacha. Baada ya hapo mwanamume huwasema wanawake kwa utani, na mwanamke lazima amjibu. Miaka arobaini na mitatu ulinisema, nami nikakujibu.

Mara ya mwisho ulisema, "Huyu Mama Rhona, mtoto wa kisiwa cha Chiloé, analisikia shairi hili tangu nimwoe. Muulizeni kama ameelewa hata neno moja. Anangoja liishe tu, ale."

Watu thelathini wakacheka. Mimi nilikuwa jikoni tangu alfajiri, na hagisi moja ilikuwa imenipasukia sufuriani. Nilikasirika. "Leo sijibu," nikasema. "Jibu lako mwaka kesho."

"Haya mama, nitangoja. Sina safari."

Siku tatu baadaye uliondoka. Uliondoka bila jibu lako, mzee wangu, na kosa ni langu. Mwaka mzima nimelala nalo na kuamka nalo.

Mwaka huu nilitaka kuiacha karamu. Majirani wameuza mashamba yao wakahamia mjini. Binti yetu Rhona hakupata ruhusa kazini Buenos Aires, kaka yake Ewan yuko baharini kwenye mitambo ya mafuta. Kwenye meza ile ndefu tulikaa watatu: mimi, Nibaldo, na shangazi yako Ailsa, aliyeletwa kutoka mjini Río Gallegos na ambaye sasa hasikii vizuri.

"Sasa nani atatusema sisi wanawake?" Ailsa akauliza.

"Usinitazame mimi, bibi," Nibaldo akasema. "Mdomo wa mzee sina."

"Basi tule, chakula kinapoa."

Nikasema hapana, mimi nina deni la jibu. Nikashika kisu chako, nikaghani shairi la Seonaid, beti zote kumi na mbili, bila karatasi. Nalijua, Lachlan, na maana yake naijua. Mwaka wa pili wa ndoa yetu nilimwomba Ailsa anifundishe, ubeti baada ya ubeti, tukiosha vyombo. Sikuwahi kulitamka mbele ya mtu mwingine, na wewe sikukuambia kwa sababu nilipenda unavyonitania. Hilo ndilo jibu lako.

Nibaldo alivua kofia. "Paza sauti, mwanangu," Ailsa akasema, nikaurudia ubeti wa mwisho kwa nguvu. Ndipo Brodi akatoka chini ya meza. Alikuwa amesikia lugha yako. Hakuja kwangu. Alikwenda kukaa mbele ya mlango, mkia ukipiga sakafu, akikungoja uingie. Nikamfungulia, aone mwenyewe kwamba nje hakuna mtu.

Unakumbukwa na mkeo Elvira Barrientos, watoto wako Rhona na Ewan MacAskill, shangazi yako Ailsa, na Nibaldo Oyarzún pamoja na wanyoaji wote wa shamba letu la Las Bandurrias.

Maadamu tuko hai, hutasahaulika. Januari ijayo nitaiandika meza tena, hata nikibaki mimi na mbwa.